Malipo kwa Msimbo wa Simu, na Haki ya Asiye na Simu

Yako mambo ambayo huingia sokoni kabla hayajaingia katika fikira za watu. Watu huyazoea na kuyatumia, kisha baada ya miaka ndipo huulizana: Je, hili tulilolizoea ni haki? Jambo tunalotaka kulitazama katika ukurasa huu ni la namna hiyo. Ni malipo yafanywayo kwa simu, na khasa yale yafanywayo kwa kuelekeza kamera ya simu kwenye alama ya mraba yenye vidoadoa vyeusi na vyeupe, iitwayo msimbo wa QR.

Tupitapo katika miji ya Kitui na Mwingi, au tushukapo Wote, Emali, Makindu na Mtito Andei, twaona namba za malipo zimebandikwa kwenye milango ya maduka, juu ya mizani za wauza ndengu, na hata kwenye mikokoteni ya wauza maembe. Mara nyingine alama hiyo ya mraba imo pembeni ya namba. Zamani biashara ilikuwa na watu wawili: huyu atoa bidhaa, yule atoa sarafu, na kila mmoja aona kwa macho yake alichopewa. Leo kati yao amesimama wa tatu asiyeonekana. Yeye ndiye apokeaye neno la mnunuzi na kulifikisha kwa muuzaji, yeye ndiye ashikaye daftari, na yeye ndiye akataye ujira wake.

Swali letu basi ni hili: Wa tatu huyu ana wajibu gani kwa wale wawili? Na sisi tuliomkaribisha, tuna wajibu gani kwa mtu asiyeweza kuja naye sokoni?

Watu katika jambo hili wamegawanyika makundi mawili. Liko kundi lisemalo kwamba kila kigeni ni hila, na kwamba fedha isiyoshikika si fedha. Na liko kundi lisemalo kwamba kila kipya ni maendeleo, na anayeuliza swali ni mjinga aliyebaki nyuma. Sisi hatuoni kwamba haki iko kwa hawa wala kwa wale. Chombo cha dunia hakihukumiwi kwa upya wake wala kwa ukale wake. Huhukumiwa kwa kazi kinayofanya, na kwa hali ya watu kinaowafanyia kazi hiyo.

Basi na tuanze kwa kukijua chombo chenyewe, maana kuhukumu usilolijua ni dhulma. Msimbo wa QR ulibuniwa Japani mwaka 1994 katika kampuni ya Denso Wave, na aliyeongoza kazi hiyo ni Masahiro Hara. Haukukusudiwa fedha hata kidogo. Ulikusudiwa kuhesabu na kufuatia vipande vya magari viwandani, kwa kuwa alama ya mistari iliyokuwa ikitumika ilibeba maneno machache mno. Ule mraba waweza kubeba tarakimu zaidi ya 7,000, na ukitengenezwa kwa kinga kubwa husomeka hata ikiwa karibu sehemu 30 katika 100 za uso wake zimechafuka au kuchanika. Kwa hiyo wafaa soko lenye vumbi kama masoko yetu.

Katika malipo, msimbo huwa wa namna mbili. Wa kwanza ni ule uliochapishwa na kubandikwa: hubeba utambulisho wa muuzaji tu, na mnunuzi huandika mwenyewe kiasi anacholipa. Wa pili huzalishwa upya kwa kila malipo, na hubeba kiasi ndani yake. Katika namna zote mbili, fedha haimo ndani ya karatasi. Karatasi ni kama kidole kionyeshacho njia. Fedha hutoka katika akaunti ya mnunuzi baada ya yeye kutia namba yake ya siri, ikaingia katika akaunti ya muuzaji.

Ama nchi yetu ya Kenya, ilifika hapa kwa hatua zijulikanazo. M-Pesa ilianzishwa na Safaricom mwezi Machi 2007, na mwaka 2013 ikaja huduma ya Lipa Na M-Pesa, ambayo iliipa kila biashara namba yake, watu wakaiita tili. Mabenki nayo, na makampuni ya kadi, yakaleta misimbo yao, kila mmoja na wake. Muuzaji aliyetaka kumridhisha kila mnunuzi ilimlazimu kubandika karatasi nyingi ukutani, na hata hivyo mteja wa mtandao huu asiweze kulipa kwenye namba ya mtandao ule. Mwezi Aprili 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba wateja wa Safaricom, Airtel na Telkom wataweza kulipa kwenye namba za maduka za mitandao mingine. Kisha mwaka 2023 Benki Kuu ikatoa Kiwango cha Taifa cha Msimbo wa QR, kikifuata muundo wa EMVCo utumikao katika nchi nyingi, ili msimbo mmoja usomwe na mabenki yote na mitandao yote. Jirani zetu wa Tanzania nao wana msimbo wao wa taifa, uitwao TANQR.

Twaona kwamba kazi hii ya Benki Kuu ni njema. Mizani ya soko haiachiwi kila mwenye duka aitengeneze apendavyo. Ikiwa ratili ya huyu si ratili ya yule, aliye dhaifu ndiye apunjikaye. Hali kadhalika misimbo. Mwenye nguvu akiachiwa peke yake ajenge mlango mmoja wa soko na ashike ufunguo, basi wote waingiao ni watumwa wake, japokuwa hawajijui.

Wala hatuyakani manufaa ya malipo haya. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na chombo hiki ni daftari lisilochoka. Mkulima wa maembe aliyeko Makueni hulipwa na mnunuzi aliyeko Mombasa bila ya kubeba noti katika basi la usiku. Ugomvi wa chenji hupungua, na noti ya bandia haipati pa kupenya. Mama mwenye kibanda, ambaye hajapata kujua faida yake ya mwezi, sasa aweza kuiona. Sharia yetu nayo yahimiza kuandika madeni na kushuhudiza mauzo, na sababu yake ni hiyo hiyo: kumbukumbu ya binadamu hudanganya, na kalamu huhifadhi. Mwenye kukataa manufaa haya kwa kuwa yametoka ugenini, na akumbuke kwamba misafara ya Wakamba iliyokuwa ikishuka pwani na pembe ilirudi na vitu vya ugenini, na Kitui haikuangamia kwa hayo.

Lakini manufaa si haki. Jambo laweza kumfaa mtu mmoja na likamdhulumu wa pili. Kwa hiyo twataka kutaja haki nne ambazo malipo haya yapasa kuzilinda.

Ya kwanza ni haki ya ukweli. Msimbo haumsemeshi mtu kwa jicho. Hakuna mwanadamu awezaye kuutazama akajua ni wa nani. Kwa hiyo mdanganyifu huweza kubandika karatasi yake juu ya karatasi ya mwenye duka, na fedha za siku nzima zikaenda kwake. Mwezi Januari 2022, katika mji wa Austin nchini Marekani, vilikutwa vibandiko vya uongo zaidi ya 20 kwenye mashine za kulipia maegesho ya magari. Hapa kwetu iko hila nyingine: mtu huonyesha ujumbe wa uongo wa malipo, akachukua bidhaa akaenda zake. Dawa ya haya ni desturi mbili nyepesi. Mnunuzi asitie namba ya siri kabla ya kusoma jina lililotokea kwenye simu yake na kumwuliza muuzaji kama ndilo lake. Na muuzaji asitazame simu ya mnunuzi, bali atazame simu yake mwenyewe. Wala mtu asione haya kuhakikisha, kwani mwaminifu hakasiriki aulizwapo.

Ya pili ni haki ya siri. Sarafu haina ulimi, haisemi imetoka wapi. Msimbo husema kila kitu: nani, lini, wapi, na kiasi gani. Mwenye kukusanya malipo yako ya mwaka mmoja ajua dawa unazonunua, ajua unakula nini, na ajua ni nani unayemsaidia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, imempa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeeleza namna ya kuilinda. Ila sheria hulinda yule ajuaye kwamba analo la kulindwa.

Hapa tutaje jambo lituhusulo sisi wenyewe, nalo ni sadaka. Siku hizi misikiti na makanisa yamebandika namba za malipo. Ni jambo jepesi na lenye hesabu safi. Lakini sanduku la zamani lilikuwa na ubora mmoja: lilipokea shilingi kumi ya fakiri na elfu ya tajiri, na halikujua tofauti. Namba ya malipo humpa mshika hazina majina na viwango. Ikiwa mtu huyo hana amana, orodha itakuwa fimbo ya kuwaaibisha wachache wa mali na ngazi ya kuwapandisha wapenda sifa. Basi kamati yo yote ipokeayo sadaka kwa simu na iamue mapema ni nani aonaye orodha hiyo, na imkataze kuisoma mbele ya watu. Sanduku nalo libaki mahali pake.

Ya tatu ni haki ya kujua kwamba mfuko umekwisha. Mfuko wa ngozi ukiwa mtupu humwambia mwenyewe: simama. Tangu mwezi Januari 2019 iko huduma ya Fuliza, ambayo humkamilishia mtu malipo yake akiwa hana fedha za kutosha, kisha akadaiwa pamoja na ada. Hatusemi juu ya hukumu ya ada hiyo katika Sharia, maana hilo lataka ukurasa wake. Twasema tu kwamba deni la zamani lilikuwa na mlango. Mtu alibisha, akaeleza shida yake, akaona haya kidogo, na haya ile ilimzuia asirudi kesho. Deni la simu halina mlango. Huingia katika unga na sukari bila ya kubisha, na mtu huenda akafikiri amelipa, kumbe amekopa. Aliye na familia na aketi na watu wake mwisho wa wiki, asome daftari la simu yake, atenganishe alicholipa na alichokopa.

Ya nne ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni haki ya aliye dhaifu kuingia sokoni. Juu ya hii tutasimama zaidi.

Namba ya tili hulipika hata kwa simu ndogo, ile vijana waiitayo kabambe, kwa kubonyeza *334#. Msimbo wa QR hautaki kabambe. Wataka simu yenye kamera na programu, wataka intaneti, na wataka mwenye simu ajue kusoma. Huko pembezoni mwa Kitui, upande wa Mutomo au Kyuso, wako wazee wengi ambao hawana hata moja katika hayo. Bibi kizee humpa mjukuu simu yake na namba yake ya siri pia, na tangu siku hiyo mali yake iko katika tabia ya mtoto. Akiwa mtoto mwema, alhamdulillahi. Asipokuwa mwema, bibi hana pa kushtaki, kwani yeye mwenyewe ndiye aliyetoa ufunguo.

Sasa akija muuzaji akasema, "Hapa hatupokei sarafu," je, amefanya dhulma?

Wako watakaomtetea, na hoja zao si za kupuuzwa. Watasema: duka ni lake, na kila mwenye mali ana uhuru wa kuchagua namna ya kulipwa. Watasema: sarafu humletea wezi, na humlazimu kufunga safari ya kwenda benki. Watasema: asiyependa na aende duka la pili. Na watasema pia kwamba kuuziana ni kwa ridhaa ya pande mbili, na yeye hakuridhia.

Twajibu kwamba hoja hizi ni sahihi mahali penye milango mingi, na si sahihi mahali penye mlango mmoja. Muuza miwani katika mji mkubwa akikataa sarafu, hamzuilii mtu riziki yake. Lakini tuchukue mfano wa kioski cha maji katika kijiji kikavu, ambako kisima cha pili kiko mbali na jua limekwisha panda. Mama amefika na dumu lake na shilingi zake mkononi, naye aambiwa alipe kwa simu. Shilingi alizoshika ni fedha halali ya nchi, maji yako mbele yake, wala mwenye maji hakosi cho chote kwa kuzipokea ila usumbufu kidogo. Huyu mama hana hiari ya kwenda pengine. Ridhaa ya muuzaji hapo imegeuka amri, kwa kuwa mnunuzi hawezi kusema la. Na mambo yaliyo kama maji ni dawa, unga, nauli ya kwenda hospitali, na ada za ofisi za umma. Kadiri haja ilivyo kubwa na milango ilivyo michache, ndivyo uhuru wa mwenye mlango unavyopungua.

Tena yatupasa kuona madhara yasiyohesabika kwa shilingi. Yule mama akikosa namna, atamwomba kijana aliye nyuma yake amlipie, naye atampa sarafu. Watu watasema: basi, tatizo limekwisha. Halijakwisha. Jana alikuja kununua, leo amekuja kuomba. Fedha yake ni ile ile na maji ni yale yale, ila heshima yake imepungua. Na mtu kuondolewa katika daraja ya mnunuzi akatiwa katika daraja ya mwombaji, hali ya kuwa mali anayo, hilo ni dhara, hata kama hakuna aliyekusudia.

Wala wasitwambie kwamba haya ni mawazo ya watu wa nyuma. Mji wa New York ulikataza mwaka 2020 maduka kukataa noti na sarafu. Norwe, ambayo watu wake karibu wote hulipa kwa kadi na simu, iliitia nguvu sheria yake tangu tarehe 1 Oktoba 2024 ili mnunuzi awe na haki ya kulipa kwa fedha taslimu madukani. Waliotutangulia katika njia hii wamefika mbele wakaona shimo, wakarudi kuweka alama. Sisi tuna haja gani ya kutumbukia kwanza?

Huenda mtu akauliza: je, yawezekana chombo cha kisasa kimtumikie dhaifu bila ya kumtwika mzigo? Yawezekana, na mfano wake uko Kitui hapa hapa. Mwaka 2013, huko Kyuso, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia katika pampu za maji za mkono kifaa kidogo kilichopeleka habari kwa mtandao wa simu, ili ijulikane pampu ipi imesimama. Kabla ya hapo pampu iliyoharibika ilikaa takriban siku 27 bila ya kutengenezwa. Baada ya hapo muda ukashuka chini ya siku 3. Tazama, ewe msomaji, mzigo wa elimu ile uliwekwa juu ya nani. Mama mwenye dumu hakutakiwa awe na simu, wala ajue kusoma, wala akumbuke namba ya siri. Alipiga pampu kama alivyozoea, na maji yakatoka. Fundi na mtaalamu ndio waliojifunza kipya. Hiyo ndiyo njia ya uadilifu: mwenye nguvu abebe ugumu wa jambo jipya, na dhaifu apate wepesi wake.

Kinyume chake ni yale ya matatu. Mwaka 2014 serikali iliagiza nauli zilipwe kwa kadi. Zikatoka kadi za namna nyingi, kila kadi na mwenyewe, na ile ya BebaPay, iliyoletwa mwaka 2013 na Google pamoja na Benki ya Equity, ikafungwa mwaka 2015. Abiria hakuona alichopunguziwa, aliona alichoongezewa. Amri ilikuwapo, lakini haikumfuata mtu hata kituo kimoja.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Mfanyabiashara na abandike msimbo, tena ule wa kiwango cha taifa, na namba ya tili iandikwe chini yake kwa herufi kubwa, ili mwenye kabambe asifukuzwe. Droo ya sarafu ibaki wazi. Ada ya malipo asiifiche katika bei ya yule anayelipa taslimu. Serikali za kaunti mbili hizi, popote zinapotoza ada ya soko au ya maji, na ziache dirisha moja la fedha taslimu lenye risiti. Vijana wanaowashikia wazee simu na wajue kwamba namba ya siri ya mzee ni amana kama ufunguo wa nyumba, na kwamba shilingi hamsini iliyochukuliwa kimya kimya ni wizi ule ule, ingawa hakuna mkono ulioingia mfukoni. Na Benki Kuu, iliyoweka kiwango cha msimbo, twaitarajia iweke pia kiwango cha mlango, yaani isemwe wazi ni katika huduma zipi sarafu haiwezi kukataliwa.

Malipo ni amana ipitayo baina ya watu wawili. Wa tatu aingiaye katikati anastahili ujira wake ikiwa ni mtumishi wao. Akiwa ndiye achaguaye nani aingie sokoni na nani asimame nje, basi ametoka katika utumishi, na jina lake libadilishwe.

Haya ndiyo tuliyoyaona. Mwenye hoja iliyo bora na atuletee, tutaifurahia. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe waadilifu katika vipimo vyetu, vya zamani na vya sasa. Amin.